Mkutano wetu wa kila Desemba unazidi kupungukiwa watu, tunakosea wapi?

MamaWawili_Tabata

Habari zenu wadau. Naombeni mawazo yenu maana nimechoka na roho inaniuma kwelikweli.

Sisi ni watu tuliomaliza kidato cha nne mwaka 1999, shule moja ya bweni pale Morogoro. Miaka michache nyuma mwenzetu mmoja akafungua grupu la WhatsApp, tukatafutana mmoja mmoja mpaka tukafika 140 na kitu, tukakubaliana kila Desemba tukutane tule tucheke. Mimi ndo katibu wa kamati toka siku ya kwanza. Mwaka wa kwanza walikuja 86, jamani watu walilia, kuna wadada wawili waliokuwa wanalala kitanda kimoja cha juu na chini bwenini walishikana pale getini dakika nzima hawasemi kitu. Mwaka wa pili wakaja 51. Mwaka jana 34. Mwaka huu imebaki miezi miwili, walioahidi ni 19 na waliolipa 11, na kati ya hao 11 saba ni wanakamati wenyewe.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kila mwaka tunaboresha. Mwaka wa kwanza tulikutana uani kwa mwenzetu Kimara, viti vya plastiki, wadada watano walianza kupika toka asubuhi, muziki ilikuwa spika moja ya kijana wa jirani. Mwaka wa pili tukaona aibu, tukakodi ukumbi Sinza, mchango 50,000. Mwaka jana ndo tukapanda kabisa, ukumbi mkubwa Mbezi, mapambo ya dhahabu na nyeupe, meza kuu, MC wa kulipwa, mgeni rasmi, keki ya ngazi tatu, mchango 80,000 singo na 150,000 dabo.

Niwaelezee ilivyokwenda ili mnisaidie vizuri. Kadi iliandikwa saa 12 jioni. Kufika saa 1 walikuwepo watu kumi hivi wamekaa meza tofauti tofauti, kila mtu na simu yake. Mgeni rasmi alifika saa 3 kasoro, ndo tukaanza utambulisho, kamati, risala, keki, kulishana keki, mgeni rasmi akaongea, chakula kikafunguliwa saa 4 na nusu. Saa 5 na robo naona watu wanachukua mikoba yao. Ilipofika muda wa kucheza tulikuwa wanakamati na DJ. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kochi na gauni langu la sare nikalia, maana nilikuwa nimekimbizana na hiyo shughuli miezi minne, mpaka kazini bosi alishaanza kuniuliza.

Sasa kamati inasema tupunguze mchango, wengine wanasema tulete bendi, wengine wanasema tuache tu. Mimi sitaki kuacha. Hawa watu ndo waliniona nikiwa na miaka 14 nalia kwa sababu ya kukumbuka nyumbani. Wenye uzoefu wa shughuli, watu wanarudi kwa ajili ya nini hasa?

FundiSpika

Pole sana dada. Mimi nakodisha vyombo vya muziki huu mwaka wa 14, harusi, sendofu, vikoba, mahafali, nimekaa nyuma ya mikisa nikaangalia shughuli nyingi sana kwa hiyo nitaongea upande wangu tu.

Katika maelezo yako yote umetaja keki, risala, mgeni rasmi, chakula, kucheza. Hujataja muda wa kuongea. Watu ambao wameachana miaka ishirini wanataka kuongea tu, hakuna kingine, na nina hakika huko ukumbini hawakuweza. Najua kumbi za hivyo, vigae chini, kuta tupu, dari juu sana, sauti ikitoka inagonga huku na kule inarudi. Halafu kamati inataka spika mbili kubwa zisimame mbele kama nguzo. Meza ya mbele wanaziba masikio, meza ya nyuma wanasikia mngurumo. Nikiomba nipunguze naambiwa tumelipia muziki tunataka tuusikie. Kwa hiyo mtu na rafiki yake wa bweni wanapigiana kelele masikioni dakika tano, koo linauma, kila mmoja anarudi kwenye simu.

Siku hizi kabla sijakubali kazi ya watu wa kukutana namna yenu nawaambia masharti yangu. Naweka spika ndogo nne mpaka sita kuzunguka, zote chini, badala ya mbili kubwa. Mapazia yanafungwa yote hata kama mapambo hayataki, maana kitambaa kinanyonya sauti. Halafu naenda kukaa meza ya mwisho na kijana wangu, tunaongea sauti ya kawaida kama tuko sebuleni, nikimsikia bila kumsogelea basi hapo ndo panabaki mpaka chakula kiishe. Kupandisha ni baadaye, na mapema wala sio usiku wa manane, watu wa umri wenu wana watoto nyumbani.

Na nyimbo msimwachie DJ wa miaka 23. Kuna kundi moja niliwafanyia kazi, tuliwaambia kila mtu atume jina la wimbo mmoja tu aliokuwa anaucheza enzi za shule, mwezi mzima kabla. Siku yenyewe kila wimbo ukianza natamka jina la aliyeuleta. Dada nakwambia, mtu akisikia jina lake anasimama hata kama alikuwa anatafuna. Kuna baba mmoja wa heshima zake, suti, aliposikia wake alivua koti akalitundika kwenye kiti akaenda katikati peke yake, na sekunde kumi baadaye walikuwa wanane.

SufuriaKubwa

Mwanangu MamaWawili, saa 4 na nusu! Hapo ndo uliwapoteza, usitafute mchawi mwingine.

Mimi ni mpishi wa shughuli, nimeanza na sufuria za kuazima sasa hivi nina za kwangu. Mtu aliyetoka kazini Jumamosi, kapita saluni, kakaa kwenye foleni ya Morogoro Road, kafika kwako saa 12 na nusu, hajala toka saa 7 mchana. Huyo ukimpa risala hasikii neno. Anahesabu masaa. Mimi nina sheria moja, mgeni akivuka mlango mkono wake usikae mtupu zaidi ya dakika tano. Kikombe cha supu, au kahawa na kashata, au hata juisi ya ukwaju na kitumbua. Ni gharama ndogo sana. Na faida yake sio tumbo peke yake, mtu aliyeshika kikombe anasimama, anasogea, anaongea na mwenye kikombe mwenzake. Mtu asiyeshika kitu anakaa na kutoa simu.

Halafu foleni ya bufee. Watu wengi hawalijui hili. Mtu mmoja kujipakulia ni kama nusu dakika, akiwa mchaguzi inafika dakika moja. Watu 86 kwenye mstari mmoja ni karibu saa nzima, wa kwanza amemaliza kula wa mwisho bado anaangalia mgongo wa mwenzake. Vuta meza katikati, watu wapite pande zote mbili, sahani pande zote mbili, tayari umekata nusu. Wali na ndizi wajipakulie wenyewe ila nyama aweke mtu, hata kama mnapendana vipi, la sivyo meza za mwisho wanakuta mchuzi. Mimi nahesabu kilo ya mchele watu saba mpaka wanane, nyama robo kilo kwa kila mtu, hapo hakuna aibu. Na pilau lisipakuliwe kwenye masinia ya bufee masaa mawili kabla, liache kwenye sufuria lake, mkaa kidogo chini na mkaa juu ya mfuniko, lifunguliwe watu wakiwa wamesimama ili ile harufu iwafikie wao na sio kuta.

Kuna harusi moja nilipika, mgeni mkubwa alichelewa masaa mawili na nusu na kamati ikakataa tusifungue chakula mpaka afike. Nilisimama nyuma ya meza nikawa naangalia mama mmoja, ameunganisha viti viwili, mtoto kalala juu yake kwa kanga, mama mwenyewe anamega kipande cha mkate alichotoka nacho nyumbani kwenye mkoba. Mkate, kwenye harusi! Nikafunua sufuria nikampelekea sahani, kamati ikanisema sana. Toka siku ile nikikubaliana kazi naandika saa ya kufungua chakula kwenye makubaliano na mwenye shughuli anasaini. Mgeni rasmi akichelewa atakuta chakula chake kimehifadhiwa vizuri tu.

Ila mwanangu, kuna kitu umekisema na naona hujakisikia mwenyewe. Mwaka wa kwanza wadada watano walipika toka asubuhi. Hao watano mwaka jana walikuwepo?

MamaWawili_Tabata

Mama SufuriaKubwa, nimesoma hilo swali nimekaa kimya hapa. Alikuwepo mmoja. Wanne hawakuja, na wawili kati yao hata mwaka wa pili hawakuja. Nilidhani tumewapumzisha.

Aliyeacha_Kwenda

Samahani naingilia. Mimi sio wa shule yenu ila ni mmoja wa hao mnaowatafuta, yaani niliacha kwenda kwenye mikutano ya watu niliosoma nao chuo, kwa hiyo labda nikueleze kutoka upande wa pili.

Mwaka wa kwanza nilikwenda nikafurahi. Mwaka wa pili nilikuwa nimepoteza kazi mwezi wa nane. Mchango nikachelewa. Kila Jumapili jioni mweka hazina anatuma orodha kwenye grupu, wenye alama ya tiki juu, wasio na tiki chini, na mimi nipo chini karibu peke yangu. Nikakopa nikalipa. Kufika ukumbini nakuta meza zimepangwa, waliochangia zaidi wako mbele na maji ya chupa kubwa na vinywaji, sisi nyuma. Sawa, nikavumilia. Ikaja utambulisho, kila mtu asimame ataje jina na anafanya kazi wapi. Ilizunguka meza kwa meza, naiona inakuja kama zamu ya sindano. Nikasimama nikataja jina nikakaa. MC akasema kwenye kipaza sauti, na kazi je kaka? Watu hawakunicheka hata kidogo, walikuwa kimya, na kile kimya ndo mpaka leo nakikumbuka. Niliondoka kabla ya chakula, nikapanda daladala na shati langu la sare.

Sikurudi tena, na kilichonifunga kabisa ni kwamba hakuna aliyenipigia. Matangazo kwenye grupu yaliendelea kuja, wapendwa wapendwa, lakini mtu wa kunipigia simu akasema ndugu yangu mwaka huu sijakuona, hakuwepo. Chuoni mimi ndo nilikuwa nachoma nyama siku za wikiendi, kila mtu alikuwa anajua, nikishika jiko watu wanakuja na viti. Mtu mmoja angenipigia akasema njoo mapema utuchomee, hela achana nayo, wallahi ningefika saa 2 asubuhi.

Dada angalia kama hamna watu wa hivi kwenye grupu lenu. Wapo. Wananyamaza tu.

MamaWawili_Tabata

Kaka yangu asante kwa kuandika hivi, na pole. Orodha ya tiki tulikuwa nayo. Mimi ndo nilikuwa naituma. Utambulisho wa kazi pia tuliufanya, niliuweka mwenyewe kwenye ratiba nikiona ni njia ya watu kuunganishwa kibiashara. Nimefuta rasimu ya ratiba ya mwaka huu leo mchana.

Kuanzia kesho nawapigia wote ambao hawajaja toka mwaka wa kwanza. Kuwapigia simu kabisa, sio meseji. Nitarudi niwaambie.

Kizimkazi_Makunduchi

Asalaam aleikum. Nimeufuata uzi huu toka mwanzo na nataka nichangie la kwetu Unguja Kusini.

Sisi Makunduchi tuna Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, kila mwaka mwezi wa saba, asili yake ni ile hesabu ya mwaka wa Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Hakuna kadi, hakuna mchango wa dabo, na watu wanarudi kutoka mjini, kutoka Pemba, kutoka bara, Uarabuni mpaka Ulaya. Mtu anaomba likizo kazini miezi sita kabla. Kwa nini? Nimeliwaza sana hili baada ya kusoma swali lako dada, na naona ni kwa sababu hakuna mtu anayekuja Makunduchi kutazama tu. Wanaume wa upande wa kaskazini na wa kusini wanapigana kwa migomba, zamani zilikuwa bakora, na yule uliyekuwa na kinyongo naye mwaka mzima mnapigana mpaka mnachoka, halafu basi, yamekwisha, mwaka mpya unaanza safi. Wanawake wanazunguka na nyimbo zao wamevaa nguo mpya. Kuna kibanda cha makuti kinachomwa moto, watu wote wanakodolea macho moshi unaelekea wapi. Mtoto ana kazi yake, mzee ana kazi yake. Babu yangu alipokuwa hawezi tena kushika mgomba alikuwa anawekewa kiti anaamua nani kapiga vizuri, na asingekosa hata kama ana homa.

Na jengine, mgeni. Kwetu nyumba ikikosa mgeni siku ile watu wa nyumba hawafurahi, wanaona mwaka umeanza vibaya. Kwa hiyo mgeni hasubiri kukaribishwa, anatafutwa. Anakamatwa mkono barabarani, njoo kula kwetu. Mtu ambaye ametafutwa namna ile, mwakani utamzuia kwa nini?

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wanaichukulia kama kumfukuza mgeni. Mimi naona mgeni aliyepewa jembe ndiye aliyekuwa mtu wa nyumbani. Nyinyi kwenye ukumbi wenu mlimlipa mtu wa mapambo, mkamlipa mpishi, mkamlipa MC, mkamlipa DJ, wenzenu mkawaachia kazi moja tu, ya kukaa na kupiga makofi. Wape jembe lao siku ya kwanza wakifika.

Na wakiondoka wasindikizeni. Si kwa kipaza sauti, asanteni kwa kuja. Mtu atoke naye mpaka kwenye gari au kituoni, amshike mkono, amwambie salamia watoto. Wengi wanaondoka kwenye shughuli hakuna aliyewaona wakitoka.

Mwana_wa_Lamu

Kizimkazi umesema kweli tupu. Sisi Lamu ni hivyo hivyo na Maulidi, mfungo sita ukiingia wageni washaanza kushuka pale forodhani, na nyumba nyingi zina wageni wao wale wale kila mwaka, mama anajua huyu hali samaki wa nazi huyu anapenda mkate wa mofa. Watu waja kwa ibada pale msikiti wa Riyadha, alikosomesha Habib Swaleh, lakini kuna na mashindano ya punda, ya majahazi, ya kuogelea, kila kijana ana lake la kujivunia. Miye nina mgeni wangu kutoka Tanga, mwaka mmoja hakuja alikuwa mgonjwa, mamangu alimwekea chumba wazi siku zote zile asimpe mtu mwengine.

Kibosho_Juu

Naongezea moja tu kuhusu tarehe. Nyie Desemba mnabadilisha tarehe kila mwaka? Sisi Kilimanjaro hakuna anayetumiwa kadi ya Krismasi. Tarehe yenyewe ndo kadi. Mtu wa Mwanza, wa Mbeya, wa Dar anajua toka Januari kwamba Desemba 24 atakuwa nyumbani mtori na kisusio vinamsubiri, mabasi yanajaa mpaka wanaongeza ya ziada.

Na tamasha la Sauti za Busara pale Zanzibar naenda na mke wangu, wao toka 2004 ni mwezi wa pili, Ngome Kongwe, muziki wa laivu. Mwaka 2016 hela zilikosekana halikufanyika, na 2017 lilivyorudi watu walirudi, maana mwezi wa pili ulikuwa ushakaa vichwani. Chagueni Jumamosi moja, mfano ya pili ya Desemba, na msiiguse tena hata kama ukumbi mzuri unapatikana siku nyingine.

FundiSpika

Kibosho hilo la tarehe nakuunga mkono mia kwa mia. Shughuli inayohamahama kila mtu anasubiri kwanza aone kama itafanyika kweli.

MamaWawili_Tabata

MREJESHO

Wadau wangu, shughuli ilikuwa Jumamosi ya pili ya Desemba, nilikuwa natafuta muda wa kuandika vizuri.

Nianze na simu. Nilipiga 58 kwa wiki tatu, usiku baada ya kulaza watoto. Saba namba hazipatikani. Wawili walishafariki wakazikwa na sisi grupu zima hatukujua, nilikaa na hilo siku nzima sikuweza kupiga nyingine. Wale wadada wa kupika, mmoja aliniambia, mlipotukodia mpishi tukajua mnaona mapishi yetu ya kishamba. Hakuna aliyewahi kufikiria hivyo! Na kitu ambacho sikukijua kabisa, zaidi ya ishirini wako Morogoro hapo hapo au Mvomero na Kilosa, wanafundisha, wanalima, wana maduka. Kila mwaka tunawatangazia ukumbi wa Dar, mchango 80,000, nauli, pa kulala, gauni la sare. Tulikuwa tunawaambia msije.

Kwa hiyo tukahamishia Morogoro, uani kwa mwenzetu mmoja, kuna miembe miwili mikubwa, milima ya Uluguru hiyo mbele yako. Watu wa Dar tulipanda treni ya SGR asubuhi, 13,000 tu, tulikuwa 37 tumeenea kwenye mabehewa mawili, na ndani ya treni shughuli ilishaanza, watu wanahama viti, abiria wengine wakawa wanatuuliza nyie ni nani. Mchango tuliweka kiwango cha chini 20,000, anayeweza zaidi atume zaidi, mweka hazina peke yake ndo anajua, hakuna orodha.

Kila mtu alipewa kitu cha kufanya. Wadada wa kupika walianza alfajiri, safari hii walikuwa tisa, na Mama SufuriaKubwa ule mkaa juu ya mfuniko tuliufanya. Tuliofika na treni tulikabidhiwa vikombe vya supu ya kuku pale getini na aliyekuwa anatoa ni kaka mmoja ambaye shuleni ndo alikuwa kiranja wa bwalo, anatupanga mstari kwa mabweni kama zamani, na tukapanga! Kuna mwenzetu sasa anatembelea fimbo mbili baada ya ajali, alikuwa hajaja hata mara moja, yeye tulimpa daftari la majina, kila anayeingia lazima apite kwake aandikwe, kwa hiyo kila mtu aliongea naye. Aliandika 79.

Utambulisho ilikuwa jina, bweni, na jina la mtu mmoja aliyekusaidia ukiwa shuleni. Hapo ilibidi tusimame kidogo. Mama mmoja, yuko Kilosa ana shamba la mahindi, alisema mwaka 1997 hakuwa na ada na kuna mwenzake alimpa sabuni zake na daftari muhula mzima bila kumwambia mtu. Akamtaja. Yule mwenzake hakuwa anakumbuka, alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya machungwa, akaacha kisu akainuka. Hatukuwa na mgeni rasmi. Tulisoma majina ya wale wawili waliofariki na mmoja wa wadada akaanzisha wimbo wa ibada ya jioni tuliokuwa tunaimba bwenini, sauti zote nne zikarudi zenyewe.

Chakula kilifunguliwa saa 7 na dakika kumi, pande mbili. Spika ilikuwa ile ile ndogo moja. Nyimbo za kila mtu na jina lake tulifanya, kaka Fundi asante, ingawa umeme ulikatika saa 10 na hakuna aliyejali, watu waliendelea kwa kupiga ndoo.

Jioni wenyeji wa Morogoro walitusindikiza mpaka stesheni, wote, wengine kwa bodaboda, walisimama nje mpaka tulipoingia. Tarehe ya mwakani kila mtu aliondoka nayo, Jumamosi ya pili, hapo hapo chini ya miembe.

Kaka Aliyeacha_Kwenda, nimekutumia ujumbe wa pembeni. Najua sio shule yako ila wachomaji wetu wawili waliunguza nyama yote ya mbuzi wa kwanza.

Ah na sufuria. Tulinunua moja kubwa la kundi kwa hela iliyobaki, likazuka ubishi wa kweli nani akae nalo mwaka mzima, wakaomba watu sita. Amechukua yule mama wa Kilosa, ameondoka nalo kwenye basi kalipakata.

Aliyeacha_Kwenda

Ujumbe nimeuona dada. Nitakuja na jiko langu.

SufuriaKubwa

Hongera sana mwanangu, nimesoma mara mbili. Mwambie huyo wa Kilosa asilisugue ndani kwa steel waya, atumie majivu na nyuzi za nazi, na likishakauka alipake mafuta kidogo kabla ya kuliweka.